Kisu cha Mtu Asiye na Meza

Kuna nchi ambazo swali "unabeba kisu gani mfukoni?" ni la kirafiki kabisa. Watu wazima hulijadili kama sisi tunavyojadili Simba na Yanga: chuma cha aina gani, mpini wa mti gani, kinafungukaje, kinamenya embe au kinalibonda tu. Ukimuuliza mtu swali hilo pale Msimbazi, Kariakoo, atakuangalia mara mbili. Atadhani wewe ni askari kanzu, au unatafuta ugomvi. Kwetu kisu kina mahali pake: jikoni, buchani, shambani. Kikishaingia mfukoni kinabadilika jina, kinaitwa silaha.

Mimi nadhani hofu hiyo ni changa kuliko kisu chenyewe. Historia ya kisu kidogo katika pwani hii ni ndefu, na ndani yake kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa: kisu cha kukunja kinachojulikana kuliko vyote Afrika kilianza kutengenezwa kwa ajili ya makoloni ya Ujerumani, wakati Dar es Salaam ilipokuwa makao makuu ya koloni kubwa kuliko yote waliyokuwa nayo. Kililengwa mifuko ya watu kama sisi. Na ukiwachunguza watu walioupenda mfumo huu wa kisu, popote duniani, utaona wanafanana kwa jambo moja. Hawana meza. Kazi yao inatembea nao. Kwa kipimo hicho Kariakoo ilipaswa kuwa makao makuu ya kisu cha kukunja, na hebu tuone kwa nini haikuwa.

Tuanze na neno, maana lugha hutunza vitu ambavyo mifuko imevipoteza. Kiswahili kina neno "kijembe". Leo mjini ukisema kijembe watu wanawaza taarabu, wanawaza shoga anayemsema jirani yake kwa mafumbo huku anakuna nazi. Lakini kamusi zinatupa na maana nyingine: kifaa kidogo chenye makali, wembe mdogo, kisu kidogo. Yaani kijembe kilikuwa mkononi, kikahamia mdomoni, na kule mkononi tukakisahau.

Na huko mkononi kilikuwa na kazi ya heshima. Waandishi wa pwani, wale walionakili Kurani kule Siyu na kuandika tenzi kwa hati za Kiarabu, walitumia kalamu ya tete. Nakala ya zamani ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728, na mikono ya watu wa zama hizo ilizoea kazi mbili, kuandika na kuchonga. Tete haiandiki mpaka ichongwe ncha, na ncha ikichoka inachongwa upya. Waingereza nao hadi leo kisu kidogo cha kukunja wanakiita kisu cha kalamu, kwa sababu babu zao walichongea manyoya ya bata bukini. Mwandishi asiye na kisu zama hizo alikuwa kama mwandishi wa leo ambaye simu imemzimikia na mwenye chaja kaondoka.

Turudi nyuma zaidi. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki, pengine mkazi wa Misri, aliacha mwongozo wa bandari na biashara za Bahari ya Hindi unaoitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Soko la mwisho analolitaja upande wetu ni Rhapta, ambalo wanahistoria wengi wanaliweka mahali fulani katika pwani ya Tanzania ya leo. Anaorodhesha bidhaa zilizoletwa huku: mikuki iliyotengenezwa Muza, kule Yemen, vishoka, visu vidogo, sindano nene za kutobolea, na vitu vya kioo. Zilizotoka huku ni pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Kwa hiyo katika orodha ya kwanza kabisa kuandikwa kuhusu biashara ya pwani hii, kisu kidogo kimo. Biashara ya vitu vidogo vya chuma kutoka ng'ambo, ambayo leo tunaiona Mtaa wa Kongo na kudhani imeletwa na makontena ya Wachina, ina miaka karibu elfu mbili.

Hii haina maana kwamba huku hapakuwa na chuma. Uhayani watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita, na mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliushangaza ulimwengu wa sayansi kwa kuonyesha ustadi wa tanuri zile. Wapare walijulikana kwa chuma chao, na Wachaga walikuwa wateja wao wakubwa. Mwanajiografia al-Idrisi, katika karne ya 12, alieleza kwamba chuma cha pwani ya Afrika Mashariki kilikuwa bidhaa ya kusafirishwa. Kilichokuja kuua tanuri ni bei. Kuyeyusha chuma kunataka udongo wenye madini, makaa mengi, mivukuto na watu wa kuivuta. Vyuma vya viwanda vya Ulaya vilipoanza kushushwa kwa wingi, jembe la dukani likawa rahisi kuliko la mhunzi. Tanuri zikazimika, ila mhunzi hakufa. Aliacha kuyeyusha, akaanza kuokota. Alichukua chuma kilichokwisha kutumika akakipa maisha ya pili. Huyo mhunzi tutakutana naye tena Gerezani.

Sasa hiki kisu kinachojikunja kilitoka wapi? Wazo lenyewe ni la kale, Warumi walikuwa navyo. Lakini visu vinavyotajwa sana leo vilizaliwa karibu wakati mmoja, mwishoni mwa karne ya 19, na vyote vilikusudiwa watu wa kawaida. Mwaka 1890, katika milima ya Savoy huko Ufaransa, kijana Joseph Opinel alitengeneza kisu chepesi chenye mpini wa mti, kikawa kipenzi cha wakulima na wafanyakazi wa reli. Uswisi, Karl Elsener alikuwa amefungua karakana yake mwaka 1884 akitaka kazi za kutengeneza visu zibaki nyumbani. Jeshi la Uswisi lilihitaji kisu cha askari ambacho angefungulia kopo na kufungulia bunduki yake. Visu vya kwanza vya jeshi hilo ilibidi vitengenezwe Ujerumani, katika mji wa Solingen, kwa kuwa Uswisi haikuwa na kiwanda cha kuvifyatua kwa wingi. Elsener akajipanga, na mwaka 1891 akaanza kuliuzia jeshi mwenyewe. Mwaka 1897 akasajili kisu chepesi zaidi, cha maofisa. Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka 1909 alikipa kiwanda jina lake. Baadaye likaongezwa neno la chuma kisichoshika kutu, na ndipo tukapata Victorinox.

Mkulima wa mlimani, fundi wa reli, askari safarini. Hakuna hata mmoja kati yao anayekula chakula cha mchana mezani. Kisu cha mezani kina droo yake. Cha mpishi kina ubao wake. Cha buchani kina ndoano yake. Kisu cha kukunja hakina kwao isipokuwa mfuko, ndiyo maana kinajifunika chenyewe: mpini wake ndio ala yake.

Na Solingen, mji ule uliowatengenezea Waswisi, ndiyo inatuleta nyumbani. Mwaka 1901 wanasayansi wa London walitangaza mnyama ambaye hawakuwahi kumjua, anayeishi msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo. Ana miguu yenye milia kama punda milia lakini ni ndugu wa twiga. Wenyeji wa msitu walikuwa wakimfahamu siku zote, na jina lake la kizungu limetokana na jina walilompa wao. Mwingereza Harry Johnston, aliyefikisha habari zake London, kwanza alipata vipande tu vya ngozi, mikanda iliyokatwa na watu wa huko. Fikiria: kitu cha kwanza cha okapi kufika Ulaya kilikuwa tayari kimepitiwa na kisu cha Mwafrika.

Magazeti ya Ulaya yalimshangilia mnyama huyo. Mwaka uliofuata, 1902, Solingen ikaanza kutengeneza kisu cha kukunja kwa ajili ya makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na kikaitwa Okapi. Jina la mnyama wa msitu ambao leo ni eneo la Waswahili wa Kongo likapigwa mhuri kwenye chuma cha Ujerumani ili Mwafrika auziwe. Kama kuna bidhaa inayofupisha ukoloni ikaingia kiganjani, ni hii.

Kisu chenyewe ni rahisi, na urahisi huo ndio akili yake. Jani ni la chuma cha kaboni, si cha pua ile isiyoshika kutu. Mpini ni wa mti, na ubavuni umepambwa kwa mwezi na nyota za chuma. Mgongoni kuna springi ndefu, na aina yake maarufu ina pete. Ukifungua, meno ya jani yanapita chini ya springi yakilia, kre-kre-kre, mpaka linanyooka na kujifunga. Ukitaka kulikunja unavuta pete, springi inainuka, jani linarudi. Hakuna skrubu ya kupotea wala kitu ambacho fundi wa mtaani hawezi kukirekebisha kwa nyundo na tupa.

Ujerumani ilipoteza makoloni yake baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kisu hakikupoteza wateja. Kiliendelea kutengenezwa Solingen kwa miongo mingi, kikavuka mpaka nchi ambazo Ujerumani haikuwahi kuzitawala. Jamaika kilipata sifa mbaya mitaani, na mlio wa meno yake ukawa ishara ya shari. Afrika Kusini nako kikawa na sura mbili, kisu cha mchunga ng'ombe na kisu cha mhuni. Mwaka 1988 mitambo yake ilinunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini, na tangu hapo huko ndiko kinakotengenezwa. Kisu kilichobuniwa Ulaya kwa ajili ya Afrika kikaishia kuwa cha Kiafrika kweli. Si bidhaa nyingi za koloni zenye historia hiyo.

Mjomba wangu, aliyekuwa kuli bandarini, alikuwa na kimoja cha namna hiyo, chenye pete. Nilipokuwa mdogo nilikitamani kwa ajili ya ule mlio. Aliniambia, "Mjomba, hiki ni cha kamba." Hakuongeza neno. Kamba za katani, magunia, turubai: hiyo ndiyo ilikuwa dunia ya kisu chake. Jioni alikifuta kwa kitambaa chenye mafuta, maana chuma cha kaboni katika hewa ya chumvi ya Dar kikilala na unyevu usiku mmoja, asubuhi kina madoa ya kutu.

Kazi ya mjomba ndiyo iliyoipa Kariakoo jina. Kabla ya vita Wajerumani walikuwa wameupanga mtaa huu kuwa sehemu ya Waafrika, wakaanza na kujenga soko. Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji, na eneo la soko likageuzwa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Ulimi wetu ukalifanya jina hilo Kariakoo. Mamia ya maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo ya vita ile katika upande wa Waingereza peke yao, na waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Sanamu ya Askari pale makutano ya Samora na Azikiwe, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawakumbuka na wao katika maandishi yake, ingawa aliyesimama juu kashika bunduki, hakubeba mzigo.

Kwa hiyo mtaa wetu mkubwa wa biashara umepewa jina la watu ambao kazi yao yote ilikuwa kufunga, kubeba, kushusha na kufungua. Baada ya vita likawa soko kweli. Mwaka 1975 lilifunguliwa jengo jipya, lile lenye paa kama miavuli ya zege, lililochorwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli. Julai 2021 liliungua, na wafanyabiashara wakatawanyika wakiwa na walichoweza kubeba. Hata hivyo biashara ya Kariakoo siku zote imekuwa kubwa kuliko jengo lake. Inafanyika barabarani, juu ya turubai, kwenye mkokoteni, mabegani.

Pita hapo asubuhi uangalie mikono ya watu, usiangalie bidhaa. Robota la mitumba linashushwa. Mikanda ya plastiki iliyolibana inakatwa kwa mkupuo na nguo zinavimba kama zilizokuwa zimeshikilia pumzi. Fundi umeme anavua waya ngozi yake kwa kuuzungusha kwenye makali mara moja, bila kugusa shaba. Mshona viatu anachonga katambuga kutoka kwenye tairi, na tairi lina nyuzi ndani zinazoweza kuua makali kabla ya adhuhuri. Muuza miwa anamenya. Muuza machungwa anazungusha chungwa kwenye makali mpaka ganda linatoka utepe mmoja mrefu, na chungwa linabaki na ngozi nyeupe ya kulishikia.

Wote hao hawana meza, na wengi wao hawatumii kisu cha kukunja. Kisu cha Kariakoo ni kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika, kikachongwa ncha kwenye jiwe, kikafungwa mpira wa tyubu au kitambaa upande wa kushikia. Ni kazi ya yule mhunzi niliyemwacha juu kidogo. Gerezani, ng'ambo tu ya soko, bado anafua springi za malori zigeuke patasi na mapanga. Msumeno ni chuma kizuri, kigumu, kinapokea makali. Kinagharimu karibu na bure kwa sababu tayari kilikuwa takataka. Na hakijikunji. Usiku kinafichwa kwenye mkokoteni, au kinaviringishwa ndani ya boksi, pamoja na mizani.

Nadhani hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Ukiwa na kisu mkokotenini, kila mtu anaona kazi yako pembeni yake. Chungwa linakutetea. Ukikikunja ukakitia mfukoni, ushahidi unabaki nyuma sokoni, na wewe unapanda daladala ukiwa kijana mwenye kisu. Kanuni yetu ya Adhabu, ambayo misingi yake tuliirithi kwa Waingereza, ina kosa la mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu ya halali kwa namna ya kutia watu hofu. Maneno mawili yanabeba mzigo wote hapo: sababu, na hofu. Sababu anaijua mwenye kisu. Hofu inaamuliwa na anayemtazama.

Na anayemtazama ana kumbukumbu zake. Dar haijasahau Panya Road, vijana waliovamia mitaa na nyumba kwa mapanga, wakazua taharuki iliyorudi tena Septemba 2022. Kuna familia zilizozika watu. Siwezi kumwambia mama wa Kawe au Tabata kwamba hofu yake ni ya kijinga. Ila hofu hiyo haigawanywi sawa. Mtalii anashuka Kilimanjaro na kisu cha Uswisi kikining'inia kwenye mkoba, tunaona ni mtu wa maandalizi. Kijana wa Tandale akitoa kisu kilekile Mnazi Mmoja kumenya embe lake, watu wanasogea. Chuma ni kimoja. Kinachobadilika ni nani anaaminiwa kuwa na kazi.

Hilo ndilo linalonigusa kuhusu kitu kidogo hivi. Kuwa na kifaa chako mwenyewe mfukoni ni namna ya kusema kwamba mikono yako inajua kufanya kitu, na kwamba huhitaji kumwomba mtu akufungulie. Watu waliobebeshwa mizigo ya wengine mpaka mtaa ukaitwa kwa kazi yao, wajukuu zao bado wanaulizwa kisu ni cha nini.

Basi, tuchague. Nimesema kwingine watu wanajadili visu vyao kama mpira. Na sisi tujaribu, kwa vigezo vya hapa.

Kigezo cha kwanza ni hewa. Huu ni mji wa bahari na jasho. Chuma cha kaboni kinapata makali haraka na kinanoleka hata kwenye sakafu ya saruji, lakini kinadai mafuta kila siku. Chuma kisichoshika kutu kinasamehe uvivu, ila kikishakuwa butu kinamsumbua mnoaji. Cha pili ni kufunga. Kisu kinachojifunga wazi ni salama kwa vidole unapokata kitu kigumu. Kisichojifunga kinafaa matunda, kamba nyembamba na bahasha. Cha tatu ni kunoleka mtaani. Wapo wale wanoaji wa baiskeli: anaiegemeza kwenye stendi, anakaa, anapiga pedeli, na jiwe la duara mbele yake linazunguka. Kisu ambacho yeye hakiwezi, wewe hakikufai. Cha nne, na kwa Dar nakipa uzito kuliko vyote, ni kinamtisha nani.

Okapi kwangu ni cha kwanza kwa historia na cha mwisho kwa mfuko wa mjini. Kwenye boti, shambani, kwenye lori la kwenda Tunduma, sioni kibaya nacho. Lakini ule mlio wa meno ndani ya daladala ya Mbagala utakuachia siti nzima peke yako.

Opinel ni kizuri mno kwa chakula. Jani lake jembamba linapita kwenye nyanya bila kuimwaga. Tangu mwaka 1955 kina pete ya chuma shingoni ya kulifunga jani. Udhaifu wake ni mti: msimu wa masika mpini unavimba, na jani linakataa kutoka mpaka uligonge.

Vya Kichina, vingi vikitokea mji wa Yangjiang, ndivyo vilivyojaa kwenye meza za vitu vidogovidogo, vikiwa na tochi, kifungulio cha soda na rangi za kijeshi. Bei yake haimuumizi mtu. Vipo vizuri, lakini inabidi uchague kwa mkono: kifungue, kishike jani, litikise kushoto kulia. Likicheza dukani, nyumbani litacheza zaidi. Na epuka vile vinavyoruka wazi kwa kubonyeza. Hivyo havina maelezo ya kumpa askari yakaeleweka.

Kinachobaki ndicho changu. Ni kisu kidogo cha mtindo wa Uswisi, chenye jani fupi kuliko kidole cha shahada, mkasi, na kibanio cha kutolea mwiba. Hakijifungi na hakilii. Kwa wiki moja kimekata uzi wa kifungo, kimefungua boksi la vitabu, kimechonga penseli ya mtoto wa jirani, kimegawa parachichi ofisini kwa watu wanne. Hakuna aliyesogea. Wote walisema, "Nipe na mimi." Kwa mji huu hiyo ndiyo sifa kubwa ya kisu cha mfukoni: kikitoka, watu waje karibu.

Ni kweli kwamba hakitaweza kufanya kazi ya kile kipande cha msumeno cha muuza machungwa. Kile ndicho kisu bora Kariakoo, na hakiuzwi kokote. Ukikitaka itabidi ukitengeneze, au uwe muuza machungwa.

Vyovyote utakavyochagua, kiache nyumbani siku ya uwanja wa ndege, mahakama na mechi ya watani. Kipake mafuta. Na kuna adabu moja ambayo wazee wa hapa walitufundisha kabla hatujajua kunoa. Unapompa mtu kisu, unakishika wewe upande wa jani, yeye unamwelekezea mpini. Kiswahili kinajua vizuri uzito wa hilo, maana siku zote tunasema aliyeshika mpini ndiye mwenye nguvu. Kwa sekunde hiyo moja unampa mwenzako nguvu yote, kwa kuamini kwamba anataka tu kumenya embe.